Mke Wangu na Watoro Wanne

Nianze na hili ili tusipotezeane muda: mimi ni mtu mwenye wivu, na sioni haya kusema. Wako wanaume wanaoona wivu kwa maneno ya majirani. Mimi sikuambiwa na mtu. Niliona kwa macho yangu, ukumbini, mbele ya watu waliolipa kiingilio, mke wangu akimpa mwanamume mwingine maneno ya mapenzi, na alipomaliza watu wakasimama wakapiga makofi.

Mke wangu anaitwa Etelka. Ni binti wa mshona ndara wa hapa hapa Szeged, Hungaria. Alipokuwa msichana alikuwa na sauti ya kuimba, akaugua koo majira fulani ya baridi, na alipopona ile sauti ilikuwa imeondoka. Ikabaki nyingine, ndogo, kavu kidogo, lakini safi ajabu. Akikunong'oneza kutoka upande wa pili wa chumba unasikia kila herufi. Mkurugenzi wa ukumbi wa maigizo wa mji alimsikia siku moja sokoni akimsuta muuza vitunguu kwa sauti hiyo ya chini, akamwajiri kuwa mnong'onezi.

Mnong'onezi hukaa katika kishimo mbele ya jukwaa, amefunikwa na kifuniko ili watazamaji wasimwone, na waigizaji tu ndio wanaomwona uso. Mwigizaji akipotea, humtupia neno. Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi ya Etelka. Mimi nilikuwa fundi breki katika karakana ya tramu. Tulioana, tukapata nyumba ng'ambo ya mto Tisza, watoto hatukujaliwa. Nyumbani hakuwa mtu wa maneno mengi. "Chumvi hiyo hapo." "Funga dirisha." Nilidhani ndivyo alivyoumbwa, nikaridhika.

Kisha wakaja Ottó na Dezső na mchezo wao.

Ottó alikuwa mtunzi wa muziki, mwembamba, mwenye njaa ya kudumu. Dezső aliandika maneno. Walitunga mchezo wa kuigiza wenye nyimbo, wakauita *Kinu Juu ya Maji*, wakati ambao kila neno lililosemwa jukwaani lilipitiwa kwanza na bwana fulani wa serikali kutoka mji mkuu. Kisa chenyewe ni chepesi. Askari mtoro anajificha kwenye kinu kinachoelea juu ya Tisza, kama vilivyokuwa zamani. Binti wa mwenye kinu anamkuta. Anatakiwa ampigie kelele, hapigi. Usiku wa mwisho kabla askari hawajafika, Mtoro anasimama mbele ya yule binti na kumwambia yaliyo moyoni, bila kuimba, ala zikilia chini chini. Ukumbi ulitarajia kuucheza mchezo huo mpaka majira ya kuchipua, kisha urudi kwenye vichekesho vyake vya kila mwaka.

Sasa hayo maneno ya Mtoro ndiyo yaliyoniharibia maisha. Bwana wa mji mkuu aliyasoma, akayakataa, eti yananuka mpaka na kutoroka nchi. Dezső akaandika mengine, yakakataliwa. Akaandika tena. Yaliyokubaliwa yalifika mchana wa siku yenyewe ya ufunguzi, wino haujakauka. Mtoro alikuwa Tibold Rajki, mrefu, mwenye kidevu cha kuchongwa, kijana ambaye wanawake wa mji walipanda tramu isiyo yao ili wapite mbele ya nyumba yake. Alipopewa ile karatasi akaenda moja kwa moja kishimoni. Sura alikuwa nayo, kichwa cha kushika maneno hana.

"Shangazi Etelka, nimekwisha," alimwambia, ingawa mke wangu alimzidi miaka michache tu. "Hayatakaa kichwani hata kwa dawa."

"Usijisumbue kuyashika," Etelka akamjibu. "Wewe niangalie mimi. Nitakupa sentensi moja moja."

Nilipata kiti cha bure, kama mume wa mfanyakazi, huko juu kabisa pembeni, mahali ambapo jukwaa huonekana nusu. Lakini ile pembe, kwa bahati yangu mbaya, ilinionyesha kitu ambacho ukumbi mzima haukukiona: ndani ya kifuniko cha mnong'onezi. Nilimwona Etelka, taa ndogo ikimmulika kidevuni, uso ameuinua. Yule binti wa kinu aliketi ukingoni mwa jukwaa, juu yake tu, kwa hiyo Tibold alipomwangalia mke wangu watu walidhani anamwangalia binti.

Midomo ya Etelka ikasogea. Tibold akasubiri, kisha akasema: "Sijaja kuomba mkate."

Kimya. Midomo ikasogea tena.

"Nimepita madirisha mengi yenye taa."

Kimya kingine, kirefu zaidi. Mwanamke aliyekuwa karibu nami akashika mkono wa mumewe.

"Hakuna hata moja iliyowashwa kwa ajili yangu. Niambie nikae, nami nitakaa."

Ukumbi mzima ulikuwa unalia. Watu waliona mwanamume anayeyatoa maneno moyoni kama anayeng'oa misumari. Mimi niliona mwanamume anayelishwa kijiko kwa kijiko, na mlishaji ni mke wangu. Sura aliyokuwa nayo Etelka pale chini sikuwahi kuletewa nyumbani. Pazia liliposhuka watu wakaanza yale makofi yetu ya mpigo mmoja, ukumbi mzima kama mtu mmoja, hayaishi, na mimi nilikaa juu ya mikono yangu.

Nyumbani nilimuuliza, "Kwa nini ulikuwa unamwangalia hivyo?"

"Hivyo vipi?"

"Hivyo hivyo."

"Mwanga wenyewe mdogo, wewe huko juu uliona nini?" Akaenda kulala.

Magazeti yaliandika juu ya ule ukimya. Mwandishi mmoja alisema hajapata kuona mwigizaji akithubutu kunyamaza namna ile. Aliyethubutu ni nani? Tibold alikuwa hajui kinachofuata. Lakini Dezső hakuwa mjinga, aliona kilichotokea, akaweka sheria: Mtoro haruhusiwi kuyashika maneno yale, si leo si kesho. Ayapokee kila siku kutoka kwenye kishimo, kama siku ya kwanza. Na sheria hiyo, niwaambie, imefuatwa kuliko sheria za nchi. Serikali imeanguka, nyingine imekuja, majina ya mitaa yamebadilishwa, lakini Mtoro bado anasubiri kunong'onezewa.

Majira ya kuchipua yakafika na mchezo haukuondoka. Ukafika Budapest, mji mkuu, ukaenda Kolozsvár, kila kiangazi ukachezwa uwanjani mbele ya kanisa kuu, watu wamejifunika mablanketi. Watoto wa shule waliletwa kwa mabasi. Wimbo wa kinu ukaimbwa harusini. Karakanani wenzangu walipiga mluzi wa wimbo huo kila nilipopita, na Berci, aliyeshughulika na magurudumu, alikuwa na swali lake la kila Jumatatu: "Vendel, jana mkeo alikuwa kwako au kwa Mtoro?"

"Kwa mama yako," nilimjibu, lakini roho iliniuma.

Mimi nilikula peke yangu. Hilo ndilo ninalotaka lieleweke. Watu husema Etelka alikuwa na bahati, amehusika na jambo kubwa, jambo lisilokufa. Sawa. Kila jambo lisilokufa linakula jioni za mtu, na zilizoliwa zilikuwa zangu. Nilipasha supu, nikafunika sahani ya pili kwa sahani nyingine, nikasubiri nisikie tramu ya mwisho darajani. Aliporudi alikuwa amechoka kuongea. Maneno yote mazuri alikuwa amekwisha kuyagawa.

Nilimwomba aombe kazi ya kuuza tiketi. Alinitazama kama niliyemwambia akaoshe madirisha ya bunge.

"Nikiondoka nani atawapa maneno?"

"Wajifunze kusoma kama watu wengine."

"Vendel, unamwonea wivu mtu anayesahau?"

"Namwonea wivu anayekumbushwa."

Alicheka sana siku hiyo, na mimi nilinuna mpaka Jumamosi.

Tibold alinenepa, kidevu kikapata mwenzake, akahamia mji mkuu kufundisha. Siku hiyo nilifungua chupa ya pombe yetu kali ya matunda ya aprikoti nikaimaliza kwa furaha. Furaha yenyewe haikufika vuli. Mtoro wa pili alikuwa na nywele za kumwagika na umri mdogo zaidi, nikajikuta nikimtamani Tibold arudi. Wa tatu alikuwa na masharubu na tabia ya kumbusu mke wangu mkono mara mbili, huku na huku. Kila nilipomzoea mmoja nikaweza kumchukia kwa utulivu, wakaleta mpya. Mimi nilizeeka, Mtoro hakuzeeka.

Na mila zetu hazinisaidii. Jumatatu ya Pasaka wanaume huenda nyumba kwa nyumba kuwanyunyizia wanawake marashi, husema kishairi, hupewa yai la rangi, na mwenye nyumba ni lazima awamiminie kinywaji. Kwa hiyo kila mwaka Mtoro alibisha mlango wangu, akamnyunyizia mke wangu kichwani mbele yangu, na mimi nikamkatia paja la nguruwe lililokaushwa kwa moshi na kumjazia glasi. Unaweza kumtukana mtu siku yoyote isipokuwa hiyo.

Mtoro wa nne ni Botond. Huyu angeweza kuwa mtoto wetu, na ana heshima, jambo ambalo linamfanya mtu apate shida kumchukia. Alipokuja Pasaka hii iliyopita, Etelka alikuwa ameshatoa ahadi. Magoti yalikuwa yamekataa kushuka kishimoni, unyevu wa mle ndani ulikuwa umemwingia mgongoni. Alikuwa amesema, kwa mdomo wake, kwamba msimu ukiisha anaacha. Nilikuwa nimepaka rangi kiti chake cha jikoni. Nilikuwa nikiamka asubuhi kwa furaha kama mtoto aliyeahidiwa safari.

Botond alinyunyiza marashi, akasema kishairi chake, akapokea yai. Kisha hakuondoka. Alizungusha glasi mezani.

"Shangazi, yule dada mpya tumemjaribu," akasema. "Anaharakisha. Ananipa sentensi kama anayenisukuma nje ya mlango. Watu juzi hawakulia."

"Atajifunza," Etelka alisema.

"Mkurugenzi ana wazo. Tukurekodi sauti. Mimi nitavaa kisikilizio kidogo sikioni, wewe utakuwa nyumbani na mjomba. Huhitaji hata kutoka. Sauti yako itabaki na mchezo daima."

Niliweka kisu chini. "Yaani mnamstaafisha magoti, sauti mnabaki nayo nyinyi."

"Mjomba Vendel, utakuwa naye jioni zote."

"Nitakuwa naye, na wewe utakuwa naye sikioni. Na akifa je? Utaendelea kumsikiliza?"

Botond akawa mwekundu. Najua nilivuka mpaka, siku ya wageni hasa, lakini nilikuwa nimesubiri miaka mingi mno kuja kupewa nusu yake. Etelka alikuwa akimenya yai taratibu.

"Nyinyi wawili mnagombania sauti, na mwenye sauti amekaa hapa," akasema. "Nitarekodi. Mara moja, kisha basi."

Hatukuzungumza mpaka mwisho wa juma. Yeye alinyamaza kwa sababu ndiyo tabia yake, mimi kwa hasira. Lakini siku ya kurekodi nilivaa koti nikamfuata. Nilijiambia nakwenda kumbebea mkoba. Ukweli ni kwamba nilikwenda kulinda.

Studio ilikuwa chumba kidogo kilichofunikwa kuta kwa sponji, na binti wa mitambo nyuma ya kioo. Mlango uliachwa wazi kidogo, nami nikasimama kwenye ujia. Etelka akaketi mbele ya maikrofoni, karatasi mapajani. Akanong'ona. Yule binti akasema vizuri, hebu tena. Akanong'ona tena. Hata mimi, nisiyeupenda mchezo huo, nilisikia kwamba ni vibaya. Alikuwa kama anayesoma ilani ya kukatwa maji.

"Hakuna mtu hapa," Etelka akasema mwishowe. "Siwezi kukinong'oneza chuma."

Botond akaruka kutoka kwenye kiti chake. "Nikae mbele yako, shangazi, kama kazini."

Mimi kwenye ujia nilishika mkoba kwa mikono miwili.

"Wewe umeshazoea," Etelka akamwambia. "Unasubiri kwa sababu umefundishwa. Mwite Vendel."

Nilisukumwa ndani. Nikaketi kwenye kigoda, magoti yetu karibu yagusane, koti sijavua, mkoba mapajani. Sikujua niweke wapi macho.

"Nifanye nini?"

"Usifanye kitu. Subiri tu," akasema. "Umekaa ukisubiri miaka yote hii. Hakuna anayejua kusubiri kama wewe."

Basi nikasubiri. Taa nyekundu ikawaka.

Maneno nilikuwa nayajua, nani katika mji huu hayajui. Lakini hayakuwahi kuja upande wangu. Aliinua uso, na ile sura niliyoiona kutoka kule juu, iliyonikosesha usingizi tangu nina nywele nyeusi, ilikuwa mbele yangu, imezeeka, inaniangalia mimi. Sijaja kuomba mkate. Akangoja. Nilisikia pumzi yake. Nimepita madirisha mengi yenye taa. Machozi yalinitoka bila kuomba ruhusa, nikaogopa kuyafuta nisije nikatia kelele kwenye mitambo. Alipofika mwisho, niambie nikae, nami nitakaa, nilifungua mdomo nimwambie kaa, na yule binti akagonga kioo.

"Hiyo ndiyo," akasema. "Tumeipata."

Botond alikuwa analia mlangoni. Akanishika bega, akanishukuru, akaichukua ile sauti akaenda nayo. Nilijiona kama mtu aliyevalishwa koti zuri dukani, kisha akaambiwa avue, lina mwenyewe.

Kwa hiyo sasa mambo yako hivi. Etelka yuko nyumbani. Tunakula pamoja, jioni zote, kama nilivyotaka. Mchezo unaendelea, tiketi zinaisha kabla ya vuli, na watu wanalia tena, wanasema Botond hajapata kucheza vizuri namna hii. Na mimi wivu haukuniacha. Umepata sababu bora zaidi. Zamani niliwaonea wivu kwa maneno yaliyokuwa yao. Sasa kila jioni ya mchezo, Botond anasikilizishwa maneno ambayo mke wangu aliniambia mimi.

Ijumaa iliyopita tulikuwa na supu ya samaki, nyekundu kwa unga wa paprika, ametia na pilipili kali kwa ajili yangu. Nilijua saa ile wako pale kwenye kinu. Kijiko kikanishinda.

"Sasa hivi anakusikia," nikasema.

"Nani?"

"Unamjua."

"Vendel, kula."

"Niambie tena yale maneno. Mara moja. Hapa, mezani."

Akakata mkate. "Siyajui kwa kichwa. Nilikuwa nasoma."

"Studio hukuangalia karatasi hata mara moja. Nilikuwa mbele yako."

Akaacha kukata. Nilimwona akitafuta la kusema, yeye ambaye hajawahi kupungukiwa na la kumpa mtu. Na mimi, badala ya kushukuru nikakaa kimya, niliuliza, kwa sababu nisingeweza kufa bila kuuliza.

"Na wale wanne? Walipokuwa mbele yako, ulikuwa unaangalia karatasi?"

Akafunika mkate kwa kitambaa. Safari hii nilingoja bila kununa.

"Wale wanne niliwasomea kila neno, karatasi nimeibandika juu ndani ya kifuniko," akasema. "Ningewaangalia wao, ningeyasahau. Wewe nilikuangalia, nikayakumbuka."